Barua ya wazi kutoka Amu: petroli yetu ipimwe gatini, si kwenye pampu peke yake

Kwa wakuu wa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), wa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na wa Serikali ya Kaunti ya Lamu

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum, na wasiokuwa Waislamu nawapa salamu za heri.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Karakana yangu, ikiwa chumba cha mlango mmoja na meza moja chafaa kuitwa karakana, iko Langoni hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Kwa miaka mingi nimefungua mashine za watu wa mjini, wa Shela, wa Matondoni, na za wanaotoka Faza na Kizingitini wakiwa wameibeba mashine begani kama mgonjwa. Nawaandikia kuhusu petroli. Si kuhusu bei. Bei ina barua yake, na siku ya kuiandika hiyo itabidi ninywe maji baridi kwanza.

Kusi iliyopita nilipigiwa simu baada ya Alasiri. Boti ya faiba iliyokuwa na watu wa harusi, wanaokwenda kushuka Mtangawanda kisiwani Pate, ilikuwa imepita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, vizuri na maji yakiwa yamejaa. Ilipotokeza kwenye ghuba ya Manda, mashine ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Nahodha akavuta kamba ya kuwashia hadi kiganja kikachubuka. Kafi ilikuwa moja, na ilikuwa imevunjika. Wale mabibi, na nguo zao za harusi, wakachukua masinia waliyokuwa nayo wakapigia maji. Wenyewe sasa wakihadithia wanacheka, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka, maana upepo ulikuwa ukiwasukuma wasikotaka, na ndani mna watoto. Dau la wavuvi likawafunga kamba likawavuta hadi ufukweni.

Mashine ililetwa kwangu kesho yake. Nilifungua kikombe cha kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nikakimimina kwenye gilasi ya chai. Petroli ikakaa juu. Chini yake kukawa na tone kubwa kama tende, linazunguka kwenye kitako cha gilasi bila kushikana na chochote, kama zebaki. Ni maji. Nikafanya jambo ambalo nawaomba vijana wasiliige: nikaligusa kwa kidole nikalionja. Halikuwa na chumvi.

Hapo ndipo mambo yote yalipo, waheshimiwa. Lau lingekuwa na chumvi, ningesema wimbi limeingia kwenye tangi njiani, na ningemlaumu nahodha kwa mfuniko mbovu. Maji matamu hayatoki baharini. Yametoka kwenye pipa la mtu, au kwenye dumu lililosuuzwa kisha likatiwa petroli kabla halijakauka, au juani na usiku: pipa nusu tupu hupata joto mchana, usiku likapoa, na ile hewa iliyomo ndani ikatoa jasho.

Mwenye boti nilipomwonyesha hakuamini macho yake. "Lakini mimi sinunui petroli ya ovyo! Yangu ni ya kituo kile kikubwa, siyo ile takataka ya wale wengine."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Barazani kwetu ugomvi wa vituo haukosekani. Huyu anasema petroli ya kampuni ya kigeni ndiyo petroli, inawasha mashine kwa mvuto mmoja. Yule anasema hilo ni jina tu na rangi ya ukuta, petroli ya kituo kidogo cha mwenyeji inakwenda mbali zaidi. Kuna mzee mmoja ana kituo chake kimoja Mokowe, ng'ambo ya bara, na hanunui kwingine hata boti ikae kavu, na mzee huyo huyo kila kituo cha mafuta duniani hukiita sheli, kiwe cha nani. Hubishana hivyo hadi adhana ya Magharibi, na kesho wakaanza upya.

Mimi nimefungua kabureta za pande zote za ubishi huo. Nawapa ninavyoona.

Kenya haisafishi petroli inayotumia. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na matangi yake sasa ni ghala. Petroli yetu huja kwa meli ikiwa imeshasafishwa, ikashushwa Kipevu, Mombasa. Tangu 2023, kwa ule mpango wa serikali kwa serikali, wauzaji wake ni kampuni tatu za Ghuba ya Uarabuni: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Shehena ya meli moja hugawanywa kwa kampuni nyingi za hapa. Hakuna meli ya kituo cha buluu na meli ya kituo cha nyekundu. Mafuta hukaa kwenye matangi ya pamoja, lori la huyu likajaza leo na la mshindani wake likajaza kesho, kutoka tumbo lile lile. Kiwango cha ubora kinachotakiwa na KEBS ni kimoja kwa wote, na hata bei ya juu kabisa hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi bila kuangalia jina lililo juu ya pampu. Kwa hiyo anayesema kwamba petroli yenyewe ya kampuni yake imetoka mahali bora zaidi, amsimulie asiyejua Kipevu iko wapi.

Lakini nisiwadhulumu wenye majina makubwa. Tofauti moja ipo, na ni ya kweli. Kampuni nyingine, lori linapojazwa, hutia dawa yao ya kusafisha, kiasi kidogo sana kwa kila lita, ili uchafu usigande kwenye njia za mafuta na kwenye vali, vile vilango vya injini vinavyofunguka na kufunga. Wengine huiuza petroli hiyo kwa jina la pekee na bei ya juu. Huko Marekani jambo hili wameshalipima. Tangu 1995 sheria yao inataka kila petroli iwe na kiwango cha chini cha dawa hiyo. Mwaka 2004 watengenezaji wa magari, wakiwemo BMW, General Motors, Honda na Toyota, wakaona kiwango hicho hakitoshi, wakaweka chao cha juu wakakiita Top Tier. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha huko, AAA, kikajaribu petroli za aina mbili kwenye injini, na zile zisizofikia kiwango hicho ziliacha uchafu kwenye vali mara 19 zaidi kwa wastani. Si jambo dogo. Mwenye gari Malindi au Mombasa anayelipa shilingi chache zaidi kwa ajili ya dawa hiyo si mjinga.

Ila uchafu huo ni wa vali, na hujengeka kwa maelfu ya kilomita. Mashine nyingi ninazozifungua mimi ni zile za mipigo miwili (two-stroke), ambazo vali ya namna hiyo hazina kabisa. Zina ulimi wa bati jembamba unaofunguka na kufunga. Mashine hiyo unaichanganyia oili mwenyewe: ile ya hamsini kwa moja, petroli lita 20 inataka oili mililita 400. Nimeona watu wanaogombana kuhusu jina la kituo hadi mishipa ya shingo inasimama, kisha wanachanganya oili kwa kukisia, au wanatia oili iliyomwagwa kwenye injini ya lori. Mchagua jembe si mkulima. Plagi inaniletea habari zote: ikiwa nyeusi na imelowa, najua mkono wa oili ulizidi, ikiwa nyeupe kama chokaa na pistoni imekwaruzwa, najua mkono ulipungua. Jina la kituo plagi haijawahi kuniambia.

Inayoniambia ni safari. Nilifanya kazi ya askari, nikafuatilia dumu la ile boti ya harusi hatua kwa hatua. Petroli ilitoka Mombasa kwa lori: Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe. Hadi hapo, kwa nilivyoona mimi, hapakuwa na neno. Mwenye kituo alinifungulia tangi lake mwenyewe, akapaka ile dawa ya kupimia maji kwenye ncha ya fimbo, akaizamisha hadi chini. Dawa ile ikigusa maji hubadilika rangi. Haikubadilika. Kutoka hapo petroli ikatiwa kwenye madumu ya lita 20, yale ya manjano yaliyokuja na mafuta ya kupikia, ikavuka kwa boti. Ikashuka gatini. Mkokoteni ukaipeleka kwenye stoo ya mtu. Huko ikamiminwa kwenye pipa la chuma lililo chini ya paa la makuti linalovuja, mdomo wa pipa umezibwa kwa tambara. Kutoka pipani, kwa mpira, ikauzwa kwa lita tano tano. Hilo tambara nililishika kwa mkono wangu. Lilikuwa bichi.

Mwenye stoo simtaji. Ana watoto kama mimi, na hakutia maji makusudi. Lakini mwenye boti aliposema petroli yake ni ya "kituo kile kikubwa", alikuwa anasema kweli na anajidanganya kwa pamoja. Kituo kilikuwa mikono minne nyuma.

Na maji ndiyo ndugu wa afadhali, kwa sababu hujitenga, ukimwaga kwenye gilasi unayaona. Anayenitisha ni mafuta ya taa. Hayo huchanganyika na petroli kama maziwa na chai. Zamani yalikuwa rahisi mno, na wachanganyaji wakanenepa. Ndiyo maana mwaka 2018 serikali ikaweka ile tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Faida ya kuyatia kwenye dizeli ikapungua. Kwenye petroli bado ipo, maana petroli ingali ghali kuliko mafuta ya taa, na penye mwanya wa shilingi chache panya hupita. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hupoteza oktani, yaani ule uwezo wa kustahimili kubanwa bila kuwaka kabla ya wakati wake. Mashine inagonga ndani kama anayetwanga kinu kitupu, moshi unazidi, plagi inaziba, na siku moja pistoni inatoboka.

Vijana wangu nimewafundisha jaribio la maskini. Chukua karatasi nyeupe ya daftari, dondosha tone moja, ipepee. Petroli safi huruka na karatasi inabaki kavu kama hukuigusa. Ikiwa ina mafuta ya taa, inabaki duara yenye mng'aro, na ukiishika baada ya robo saa vidole vinateleza. Kwa petroli isiyotiwa oili bado, bila shaka. Kijana mmoja aliipima iliyokwisha changanywa akaja mbio kuniambia mji mzima umetapeliwa. Jaribio hili linakamata mchanganyaji mlafi tu. Mchanganyaji mwenye akili, anayetia kidogo kidogo, karatasi haimwoni, na hata kile kipimo cha uzito cha kuelea hakimwoni vizuri, kwa kuwa petroli yenyewe uzito wake hupanda na kushuka kwa joto.

Anayemwona ni nyinyi. Mna ule mpango wa kutia mafuta alama isiyoonekana kwa macho, ili mafuta ya taa, au yale yaliyotakiwa yavuke mpaka, yakiingizwa kwenye petroli ya hapa yajulikane kwa kipimo hata yakiwa kidogo. Orodha za vituo vilivyokutwa na makosa mmekuwa mkizitangaza, nami huzisoma. Ni kazi nzuri. Ombi langu ni kwamba isiishie kwenye pampu.

Vifaa vya kupimia vipandishwe boti. Mkoba wa chupa za sampuli haushindi kapu la mchuuzi kwa ukubwa. Upite Amu, uende Faza, Kizingitini, Ndau, hadi Kiunga, uchukue petroli kwa yule wa mwisho anayemmiminia nahodha, wala si kwa yule wa kwanza tu mwenye pampu na risiti. Na mkija msije siku moja ya mwaka yenye jua na kamera. Njooni katikati ya masika, mwezi wa Mei, mapipa yakiwa yamenyeshewa. Njooni pia barabara inapokatika. Mwishoni mwa 2023, mafuriko ya El Niño yalipoikata barabara yetu ya kwenda Garsen, petroli ilikuwa adimu hapa, na wakati wa uhaba hakuna anayeuliza dumu limetoka wapi. Mwezi ule na uliofuata nilifungua kabureta nyingi kuliko nilivyozoea.

Matokeo yabandikwe gatini, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Msitupe jina la kampuni peke yake, kwa sababu hilo litarudi barazani likawe kuni za ubishi ule ule. Tuambieni: stoo ya mahali fulani, tarehe fulani, maji yamo au hayamo, mafuta ya taa yamo au hayamo. Mwenye stoo safi naye apate cheti chake abandike mlangoni. Nawahakikishia ataogopa kukipoteza kuliko anavyoogopa faini.

Najua kuna atakayesema dawa ni moja: kupiga marufuku petroli ya madumu. Nimelisikia hilo hata kwa watu ninaowaheshimu, na hoja ya moto ni ya haki, maana dumu la petroli kando ya jiko ni bomu. Lakini boti si gari, halipandi barabara kwenda kwenye pampu. Mvuvi wa Ndau akitaka kujaza pampuni Mokowe, atachoma nusu ya petroli akiifuata petroli. Mkipiga marufuku leo, kesho dumu litauzwa usiku, kwa bei ya usiku, na lile tambara bichi halitaonwa na mtu tena. Afadhali muwaandikishe hao wauzaji. Wapeni masharti wanayoyaweza: pipa lenye mfuniko wa kukaza, paa la bati badala ya makuti, madumu ya petroli yawe ya petroli tu na yatiwe rangi yake, chujio lenye kitambaa cha kuzuia maji, na kikopo cha ile dawa ya fimbo. Kikopo kimoja kinapima mara nyingi sana. Kaunti ikiwanunulia wauzaji wote wa visiwani, sidhani gharama itafikia ya semina moja ya hotelini.

Na pale penye boti nyingi, kama Faza na Kizingitini, fikirieni kituo halisi cha baharini, tangi lililozikwa vizuri na mpira unaofika kwenye boti. Kiwe cha kampuni yoyote, kubwa au ndogo, ya mwenyeji au ya mgeni. Nimekwisha sema jina halinisumbui. Likija na ile dawa ya kusafisha, alhamdulillahi. Lakini kwanza lije na mfuniko.

Kwa upande wetu sisi mafundi, tuko tayari kusaidia bila malipo. Mkituachia chupa za sampuli na karatasi za kuandikia, kila mashine itakayokuja imezimika baharini tutachukua petroli yake kabla ya kuimwaga, tuandike siku, boti imetoka wapi, na ilinunuliwa kwa nani. Kwa miezi michache mtakuwa na picha ambayo hakuna pampu ya Mokowe inayoweza kuwapa.

Mimi nimeshaanza. Ile petroli ya boti ya harusi sikuimwaga yote. Nimeitia kwenye chupa, nikaiziba kwa nta, nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Iko rafu ya juu, nyuma ya kopo la grisi, mbali na watoto na mbali na jiko, na lile tone bado limekaa chini. Atakayetumwa kuichukua aulize Langoni kwa fundi wa mashine. Aje kabla ya Adhuhuri, baada ya hapo huwa niko majini.

Wenu,
Fundi wa mashine za boti
Langoni, Amu